Mdundo wa Baba Kwenye Albamu Yenu

Rungwa, Itigi,
Singida.
2 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Philipo,

Naipokea shikamoo yako ingawa hujaituma. Hujambo huko Birmingham? Baridi imepungua? Na kile kifua, bado kinakusumbua? Sisi huku wazima. Alizeti tumevuna, nyuki mwaka huu wametukumbuka, na Baba, ukiacha magoti, ugali wake anaumaliza.

Ningekupigia simu, lakini nikikusikia unacheka nitalainika, kama kawaida yangu. Bora karatasi.

Albamu imefika. Deo wa bodaboda aliipakua alipokwenda Itigi, akaja na spika yake kubwa, tukakaa uani tusikie kundi lenu lililonyamaza miaka yote ile limerudije. Nikupe maoni ya wasikilizaji, maana najua unayapenda. Deo anasema besi limekaa mahali pake na tarumbeta zinaamsha mtu, muziki wa fanki wenyewe hasa, ila kurapu kwenu kumezeeka kidogo. Shangazi Elizabeti aliposikia mnarapu aliuliza, "Mbona wanapiga vizuri hivi halafu wanagombana?" Tulicheka mpaka machozi.

Ukaja wimbo wa nne, ule unaorapu peke yako. Baba akainuka. Magoti yale yale! Akachukua vijiti viwili, akaenda kwenye mzinga mtupu wa nyuki pale uani, akaanza kuupiga sambamba na spika. Ulikuwa mdundo ule ule aliokufundisha ukiwa mdogo, mliokuwa mkiupiga wawili mpaka Mama, Mungu amrehemu, anawafukuza. "Mtoto hajanisahau," alisema. Philipo, yule mzee alilia mbele za watu.

Mimi nikawa nasikiliza maneno. Unajua Kiingereza nakielewa, au ulidhani huku tutacheza tu? Unasema baba yako alikufa kabla hujaijua sura yake. Unasema ulilala barabarani, ukajifunza ngoma kwa kupiga makopo, bila mtu wa kukuonyesha. Barabara ipi? Makopo yapi? Umemzika Baba juu ya mdundo wake mwenyewe!

Akaniuliza, "Damari, anasemaje?" Nikamwambia anashukuru. Tangu niolewe sijamdanganya Baba, na sasa nimemdanganya kwa ajili yako.

Umetusaliti, mdogo wangu. Sikuzungushi. Usiniambie wimbo ni wa kubuni. Kama wazungu wanapenda habari za yatima, si ungetunga yatima mwingine ukampa jina lake? Mle umelitaja jina lako, na Rungwa umeitaja, tena umeitamka vizuri kabisa. Hapo ndipo paliponiuma. Nimejiuliza kama nasi wengine tumeshakufa kwenye nyimbo ambazo Deo hajazipakua.

Sasa sikiliza. Kila anayekuja kununua asali anapigiwa wimbo huo, atake asitake. Katekista Alphonce naye ameupenda. Jumapili ya mavuno, ile ya mwisho wa Julai, utapigwa nje ya kanisa baada ya ibada. Baba atapiga mzinga, nami eti nisimame niwatafsirie watu.

Sisimami. Nimemwambia Baba utatafsiri mwenyewe kwa simu, na Deo ataiunganisha kwenye spika watu wote wasikie. Basi tangu hapo hakai. Shati lake la kitenge ameshalipeleka kwa fundi, na kila anayepita njiani anaambiwa, "Mwanangu ataongea." Ukitaka kumwambia ukweli kabla ya siku hiyo, namba yake unayo. Ukitaka kumdanganya, mdanganye wewe. Mimi nimemaliza.

Shangazi Elizabeti anakusalimu, anasema uvae sweta. Deo anakusalimu, na amesema usikasirike kuhusu kurapu. Mungu akulinde huko ugenini, akupe na moyo wa kuishika hiyo simu.

Baba naye anakusalimu sana. Amekaa hapa mlangoni na vijiti vyake, anafanya mazoezi. Ananiambia nikuandikie kwamba yu mzima, usiwe na wasiwasi.

Dada yako, ninayekupenda na hasira zangu,
Damari