Bastola Isiyokwama

Shekinah, usipige simu, Léonce yuko hapa karibu. Ameua mtu.

Ndiyo, Léonce mume wangu. Leo asubuhi, pale dukani, mtaa wa Rosettenville, anapolinda. Jamaa mmoja aliingia na kisu, akamkaba dada wa kaunta. Léonce akachomoa ile rivolva ya zamani ya kampuni. Risasi moja tu.

Polisi walimwachilia saa nane, nikaenda kumchukua kituoni. Unajua nilikuta walinzi wenzake wanaongea nini? Bastola! Mtu amekufa, wao wanasifu bastola!

"Ile ni kuukuu, lakini haijawahi kukwama," anasema mmoja. Mwenzao Jean-Paul naye: "Baba alikuwa na kama ile kule Uvira. Aliifukia shambani miaka mitatu, alipoifukua ikalia palepale." Bosi akampiga Léonce begani: "Si nilikwambia? Hizi mpya zingekuangusha."

Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Hata mmoja!

Kufika nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Nikamwambia, "Papa Chloé, umemwokoa yule dada." Akatikisa kichwa.

"Ile bastola usipoikoki kwanza, kifyatulio ni kizito," akasema. "Unavuta, unavuta, ndipo inalia. Nikiwa bado navuta, jamaa akaangusha kisu. Nilikiona kikianguka, Clémence. Nilikiona. Nikaendelea kuvuta."

Eish, Shekinah. "Nilikiona, nikaendelea kuvuta."

Polisi hawajui. Kesho anarudi kuandika maelezo, na ananiuliza mimi aseme nini.

Ukishasoma, futa.