Televizio ya Dokta Firmin

Jumatatu, 4 Machi 1996

Karatasi ya mashine ya ekografi, ile inayopiga picha za ndani ya tumbo, imekwisha. Rola ya mwisho tuliikata vipande vidogo mpaka watoto wa tumboni wakatoka bila miguu. Dokta Firmin ameulizia hadi Lubumbashi – hakuna. Na wagonjwa wanataka picha yao. Asiyepewa picha anakwenda kusema amepapaswa tumbo bure.

Leo dokta ameamka na wazo. Amemwita Assani, fundi wa televizio ng'ambo ya barabara. Televizio imewekwa chumba cha kungojea, na kila kinachoonekana kwenye mashine kinaonekana pale, familia ijionee yenyewe. Assani ametumia kisanduku cha video mbovu na ule waya wa zamani unaopanda kwenye antena ya paa, uliokuwa umelala tu tangu televizio zetu zibaki kuonyesha chenga. "Minye situpakake kintu," anasema, yaani yeye hatupi kitu. Alijipongeza mwenyewe, maana sisi tulichelewa kumpongeza.

Wa kwanza alikuwa Papa Hénoc, mchimba mawe ya chokaa wa Kakontwe. Mawe mawili kwenye kibofu. Mke wake aliyaona kwa macho yake, akaenda zake ameridhika kabisa.

Na mimi? Kutwa nzima karibu na ile mashine na sikuthubutu kusema. Miezi minne sijaona siku zangu. Nina miaka arobaini na minne. Tumbo gumu, limeanza kutokeza. Marehemu dada Élise alianza hivihivi, ikawa kivimbe, na mwaka haukuisha. Kwangu ama ni kivimbe ama ni mtoto – na Orpha binti yangu anaolewa! Watu watacheka mama na binti wakinunua nepi pamoja. Wacheke. Mimi ninaogopa lile lingine.

Mume wangu Philippe hajui. Yuko zamu Koni, kwenye mitambo ya umeme, hadi Jumamosi.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Papa Hénoc alikuja amevimba kwa hasira. Eti sokoni Kikula wanawake wanamuuliza kama anahamisha Kakontwe kidogokidogo ndani ya tumbo. Wanajua ni mawe mawili. Wanajua hata lipi ni kubwa!

Dokta akaniita ndani, akafunga mlango. "Mama Orpha, siri ya bagonjwa inatoka inje. Mu chumba tuko babili tu, weye na minye. Na minye sikusema."

Miaka kumi na saba niko muuguzi hapa. Sijatoa hata siri ya minyoo. Nilijibu vizuri, kwa heshima, kisha nikaenda depo ya dawa nikalia. Nimeumia sana. Na nilikuwa nimekusudia kumwambia juu ya tumbo langu leo. Sasa nimwambie nini mtu anayeniona mbea?

Alhamisi, 7 Machi

Dokta amenipa mapumziko ya mchana. Maana yake adhabu. Haya, nikaenda Kikula kwa Mama Mbombo, mama wa yule kijana anayemuoa Orpha, tupange mambo ya Jumapili, siku ya mahari.

Ninaingia sebuleni – watoto kumi wamekaa chini, majirani kwenye viti, televizio inawaka. Ndani ya televizio: ini.

Nilishika mlango.

"Ikala, mukwe," akasema Mama Mbombo. "Ile ni maini. Leo haiko film ya muzuri. Jana njo ilikuwa muzuri, mutoto alikuwa anapiga mateke."

Nikauliza, kama mtu asiyejua kitu, wamejuaje yule ni mtoto. Akanitazama kwa huruma. "Tulisha kuzoea. Kivimbe kinanyamaza, haifanye kintu. Mutoto anarukaruka. Ata huyu mudogo anajua."

Kumbe waya wa Assani! Ile antena haipokei, inatoa. Tumbo la kila mgonjwa linatembea Kikula nzima.

Nilikunywa chai yao nikiwa nimebana pumzi, nisitokeze tumbo.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwambia dokta kabla hajavua koti. Alikaa chini. Alisimama. Alikaa tena. Samahani hakusema, ila alinipa mkono na kuushika muda mrefu, na kwa mwanaume yule ni nyingi.

Assani alipanda darini na koleo, akakata. Televizio ya chumba cha kungojea ikawa nyeusi ti. Tumejaribu mara tatu kwa tumbo la Assani mwenyewe. Nyeusi. Tumeshukuru Mungu.

Basi nikamwambia dokta na langu. Hakushangaa – ni dokta. Alisema nije kesho saa sita, wagonjwa wakiisha kwenda.

Nje wanawake walipita na maandamano ya Siku ya Wanawake, pagne mpya za kitenge kiunoni. Mimi yangu haifungi tena. Nimesali.

Jumamosi, 9 Machi

Ninaandika ndani ya depo, nimekalia boksi la pamba, mlango nimeufunga kwa ndani.

Nililala mezani saa sita. Gel ya baridi. Dokta akapitisha kifaa tumboni. Sikutazama mashine, nilitazama uso wake, na uso wa dokta hausomeki. Akarudi pale pale. Akaenda kushoto. Nilimuona dada Élise wazi.

Akafungua mdomo: "Marcelline –"

Vigelegele.

Kwanza dukani kwa Assani. Kisha barabara nzima, kisha mbali huko, Kikula. Tulitazamana. Vikapoa. Halafu vikapanda upya, mara mbili zaidi, na sauti ya mtoto nje ya dirisha: "Beko babili! Beko babili!"

Dokta akafunga mdomo.

Si kivimbe. Dada yangu, si kivimbe. Nililia na kucheka hata gel ikanitiririka mpaka mgongoni.

Assani amekuja kujitetea: "Mulisema televizio ifwe. Si ilikufwa?" Alikata waya wa chumba cha kungojea. Ule wa antena haukuguswa!

Philippe alishuka kutoka Koni asubuhi, akapita kwa Assani kuchukua redio yake. Ameona yote, amekaa kwenye kiti cha mbele. Sasa anagonga mlango wa depo. Jina langu ameliacha, ananiita Mama Mapasa, mama wa mapacha, na sauti yake inatetemeka. Sijui ni kicheko au ni kilio. Nadhani hata yeye hajui.

Nyuma yake ni Mama Mbombo, amekuja mbio na nusu ya Kikula. Nilidhani anakuja kuvunja mambo ya mahari ya kesho. Hapana. Anaongea kwenye tundu la ufunguo, kwa heshima zote za ukwe:

"Mukwe, pardon, rudia kulala kidogo. Kwetu courant ya umeme ilikatika, hatukumuona wa pili muzuri."

Na ninasikia dokta anawasha mashine.