Nyuma ya Mdiria

Ijumaa, 21 Mei

Saa kumi na mbili na nusu, bustani ya kando ya ziwa. Mama kwenye benchi yake kama kila asubuhi, kitenge cha manjano, anatafuna karanga na kunisema. Mdiria, ndege wa buluu, kwenye kijiti. Lensi nimeifungua yote, ndivyo napenda: ndege safi, nyuma yake ukungu mtupu. Akaruka! Aparei yangu ya foto ikashika Mama, sura wazi kabisa, anacheka bila meno ya mbele. Nimefuta. Foto mbovu nafuta palepale.

"Na miye, utanipiga foto lini?"

Kesho, Mama.

Jumapili, 23 Mei

Volkano imelipuka jana jioni. Moto haukufika kwetu Katoyi, hapa Goma. Ardhi inatetemeka hata sasa ninapoandika. Mama hana habari. Alikimbia kutoka Kiwanja mara mbili, waasi wakachoma nyumba na kila kitu ndani, hata albamu. Anasema mulima hauna bunduki, nitulie.

Alhamisi, 27 Mei

Wametangaza tuhame. Mji muzima barabarani, magodoro, mbuzi, pikipiki. Niko Sake, tulikoelekezwa. Mama hayupo.

Mukono mumoja mfuko wa lensi, mukono mumoja aparei. Mama alishika koti langu. Kwenye musongamano nikasikia koti limekuwa jepesi. Kugeuka, vichwa tu. Mupumbavu miye. Mupumbavu!

Jumamosi, 29 Mei

Makanisa, mashule, foleni za maji. Hakuna.

Kwa wanaoandika waliopotea: "Papa, utupatie foto yake." Foto ndiyo kazi yangu! Nusu ya Goma wana foto za paspoti za mukono wangu. Kadi yake ya kupigia kura anayo mwenyewe, kifuani.

Jumapili, 30 Mei

Nimefungua foto zote. Miaka mitatu ya ndege. Mama yumo karibu kila asubuhi: doa la manjano nyuma ya mdiria, nyuma ya kunguru, nyuma ya mwewe. Nikivuta karibu, doa linakuwa kubwa, basi.

Nimeonyesha yule mama anayeandika majina. Ametazama sana.

"Ndege ni muzuri, Papa."

Nilitaka kumupiga. Nimelia mbele ya watu.

Foto ile ya Ijumaa. Ile tu.

Jumatano, 2 Juni

Wanasoma maneno yangu kwenye kipaza sauti. Mama Anjelika, mufupi, kitenge cha manjano, hana meno ya mbele. Wameniletea wamama watatu. Si yeye. Mumoja aliniita mwanangu hata hivyo, sikujua niweke wapi macho.

Pua yake sikuieleza. Nimejaribu kuikumbuka leo, sikuipata. Naogopa.

Ijumaa, 4 Juni

Hakuna.

Jumanne, 8 Juni

Nimerudi na wengine. Namba yangu nimewaachia Sake. Nyumba iko vile tulivyoiacha, sufuria yake juu ya mbabula ya makaa.

Asubuhi nimeenda bustani. Vumbi jeusi kila mahali. Maganda ya karanga bado yako chini ya benchi. Saa moja mdiria akaja, kijiti kilekile, akatulia kama ananingoja. Nikapeleka lensi nyuma yake. Benchi imetoka safi, kila musumari, kila ganda. Mbele yake, doa la buluu.

Sikufuta.