Vipande sita vya kitambaa cha Bibi

Nyagalen, acha unachofanya usome. Kile kitambaa cha Bibi cha zamani, cha michoro ya tope, nilichokikata vipande sita kwa ajili ya maonyesho yetu kule Bamako. Leo amekiulizia.

Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba nimekikata ili watu waone kazi ya mama zetu wa Beledugu. Halafu akauliza, "Umekikata?"

Kumbe ndicho alichojifunga alipomzaa baba. Amekitunza miaka yote ili azikwe nacho. Sanda yake, Nyagalen. Na mimi na shahada yangu sikuuliza.

Akasema, "Kwa hiyo nizikwe vipande vipande, mke mwenzangu?" Alitaka nicheke. Nikalia.

Nikamwambia nitamchorea kipya.

"Kipya hakinijui," akasema.

"Umekikata?" Bado naisikia sauti yake.

Akanipa sindano. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo nimeshona mimi, yeye akipapasa kwa vidole na kunielekeza mstari upi ukutane na upi. Vitano vimeungana. Sasa ameingia kuswali. Akitoka atataka cha sita, nami hicho nilimzawadia yule mgeni wa maonyesho aliyesafiri juzi.

Nimwambieje?