Sajini wa Kamitani

Matsue, 3 Juni 2018

Mama mpendwa,

Mvua zimeanza huku na nguo hazikauki. Goti lako linasemaje na unyevu huu? Sisi wazima. Mkweo Tatsuro anakohoa kidogo, lakini sahani anaimaliza, kwa hiyo sina hofu naye.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikiuliza jambo usilolitaka unasema husikii. Wakubwa wameniita kazini. Ama nifanye mtihani wa cheo cha mkaguzi nihamie makao makuu, ama nichukue kituo cha polisi cha kijiji milimani, kama kile chetu, ofisi mbele na nyumba ya familia nyuma. Natakiwa kujibu kabla ya Julai kwisha. Moyo unataka kijiji, kisha namkumbuka Baba: miaka thelathini na moja Kamitani, aliingia sajini akatoka sajini. Wenzake walipata ofisi zenye mazulia, yeye anafukuza nyani kwenye mashamba ya watu.

Utotoni niliamini walimnyima cheo kwa ajili ya lile daftari la vitu vilivyookotwa. Polisi haruhusiwi kupokea zawadi, na watu walikuwa wakiacha mboga mlangoni alfajiri bila kuonekana, basi Baba akawa anaziandikisha zote. Figili saba, mwenyewe hajulikani. Kabichi mbili, mwenyewe hajulikani. Namkumbuka yule mkaguzi wa mjini akifunua kurasa, shingo imemvimba, akauliza hizo figili ziko wapi. Baba akajibu, "Zimeoza, afande," na chungu chako kinatokota nyuma ya pazia, nyumba nzima inanukia figili.

Niambie kweli, Mama. Baba alijuta?

Mwanao,
Misuzu

Kamitani, 19 Juni 2018

Mwanangu Misuzu,

Barua imefika, nimeisoma mara mbili. Goti linauma asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mpe Tatsuro tangawizi, na wewe uache kumcheka.

Unasema kazi ya baba yako. Nusu ilikuwa yangu. Yeye alizunguka na kadi zake nyumba hadi nyumba kuandika nani anaishi wapi, na kila nyumba akakalishwa, akapewa chai na achari, kukataa ikawa aibu. Akirudi chakula changu hakigusi. Mimi ndiye niliyebaki ofisini na aproni yangu, napokea simu, naelekeza wageni, nasikiliza wagomvi wa mpaka wa shamba. Siku moja kijana wa watu aliingia anataka kujisalimisha, akanikuta peke yangu. Nikamwambia akae kwanza ale. Baba yako aliporudi akaniuliza, "Mgeni wetu huyu nani?" Nikamwambia, "Mwizi wa pikipiki. Mwache amalize wali." Akavua kofia, akakaa naye, wakala pamoja. Kijana yule siku hizi ana gereji, na kila mwaka mpya hututumia kadi.

Sasa hili lingine, nalikwepa tangu mstari wa kwanza. Daftari halikumnyima kitu. Mwaka 1984 walimwita awe mkaguzi mjini. Aliniambia siku ya michezo ya shuleni kwenu, tarehe kumi Oktoba, tumekaa mkekani tunakula. Akasema, "Mama Misuzu, tukiambiwa tuhame, utasemaje?" Nikasema, "Mimi sihami." Hata sikumeza tonge kwanza. Akatikisa kichwa, akaenda kushika kamba ya mbio za watoto, na neno hilo hakulirudia hadi anakufa.

Kwa hiyo aliyemnyima baba yako cheo ni mimi. Nimekaa nalo miaka thelathini na minne. Kila siku ya michezo ikifika nilimchomea mkunga, maana alipenda sana samaki huyo, kwa kumtaka radhi, ingawa mdomoni sikusema. Kama alijuta sijui. Niliogopa kumuuliza. Wewe fanya lako, usinitazame mimi.

Mama yako

Kamitani, 14 Julai 2018

Misuzu,

Karibu mwezi sasa, huandiki wala hupigi. Kama umenikasirikia, sema nijue. Natumaini mko wazima.

Mama

Matsue, 21 Julai 2018

Mama yangu,

Nisamehe, sijakukasirikia. Nilikuwa namtafuta Bwana Kadowaki, aliyekuwa mkubwa wa Baba mwaka ule, na sikutaka kukuandikia mikono mitupu. Nimempata kwenye nyumba ya wazee huko Izumo. Masikio hana tena, kumbukumbu anazo. Nilipomwandikia jina la Baba kwenye karatasi alicheka, akamtuma binti yake alete sanduku.

Ameitunza barua ya Baba. Ni mwandiko wake, ule wa kulalia kushoto, na imeandikwa tarehe 28 Septemba. Kaisome tarehe tena, Mama. Siku kumi na mbili kabla ya mkeka na michezo. Nimekunakilia yote, kwa kuwa ni fupi:

"Nashukuru kwa cheo, naomba nisikipokee. Watu wa Kamitani huja kumtafuta mke wangu, mimi hunikuta kwa bahati. Nami kazi hii naipenda hapa kuliko nitakavyoipenda popote. Sajini Imaoka."

Bwana Kadowaki alimwita mpumbavu. Baba akamwambia, "Bado sijamuuliza mke wangu, afande. Akitaka mjini nitarudi kukuomba upya." Kesho yake baada ya michezo akapanda baiskeli hadi ofisini kwake, jasho linamtoka, akasema mlangoni, "Amekataa!" Mzee anasema hajawahi kumwona mtu amekosa cheo akafurahi vile.

Hukumnyima kitu, Mama. Alikuwa anaomba usikubali.

Mwanao

Kamitani, 25 Julai 2018

Misuzu,

Nimelia, nimecheka, nimelia tena, jirani amekuja kuuliza kuna nini. Miaka yote hiyo nachoma samaki na moshi machoni, na yeye anakula hadi mkia, kimya. Nimekwenda mbele ya picha yake nikamgombeza vizuri. Nikamwambia, wewe mzee, ungesema. Kisha nikamwashia ubani, maana namkumbuka sana leo.

Jana usiku nimelala kama mtoto. Asante, mwanangu. Na wewe umeamua nini?

Mama yako

Matsue, 29 Julai 2018

Mama mpendwa,

Sisi wazima, kikohozi kimekwisha.

Sikuandika jina langu popote kabla ya kumuuliza Tatsuro. Nilimweleza yote: simu, wagomvi, wageni wa saa yoyote, na kwamba watu watamtafuta yeye. Halafu akauliza kama jiko la kule lina dirisha. Nikasema lipo, linatazama barabara. Akasema, "Basi andika."

Nimeandika. Tunahama Septemba.

Mwanao,
Misuzu