Kengele ya Baba Uwandani

Trujillo, 20 Machi 1998

Kaka yangu mpenzi Liborio,

Nakusalimu katika Kristo. Goti lako linaendeleaje, na kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Sisi tu wazima, ila shemeji yako ananitia simanzi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kaka, Anselmo haoni mbali. Mwaka mzima sasa. Mimi naendesha gari, yeye anakaa mbele, wageni waliokuja kutazama ndege wako nyuma, na hakuna aliyegundua, maana masikio yake ni ya ajabu. Nikizima injini tu: “Korongo yule mnarani anagonga mdomo, mkewe amerudi. Na hapo chini ya vigae, kozi wawili.” Wageni wanainua darubini, na kweli, hao hapo! Miaka ishirini na sita ya ndoa, bado namshangaa.

Lakini Alhamisi tarehe 2 tuna wageni sita kutoka Valencia, wanataka ngoma ya tandawala, wale ndege wakubwa wa uwandani, madume wakiwachezea majike. Na tandawala hana sauti, anacheza kimya. Mimi nikitazama uwandani naona mawe matupu. Anselmo akikosea mbele yao, jina lake limekwisha, na kazi hii ndiyo pumzi yake.

Ndege wale wanamkimbia kila mtu isipokuwa wewe na kondoo wako. Ukisimama karibu nao asubuhi ile, kondoo kiongozi akiwa amevaa kengele ya baba, ile iliyopasuka, Anselmo ataelewa. Najua alivyokuumiza alipokuita muuaji wa vifaranga pale baani, mbele za watu, kwa kuwa ulikata majani mapema kuwahi mvua, viota vikiwa bado na makinda. Nami nilikaa kimya. Naliungama hilo.

Hajui kwamba nimekuandikia.

Dada yako,
Casilda


26 Machi 1998

Mdogo wangu Casilda,

Salamu. Goti ni goti. Kikohozi kimekwenda.

Kondoo wangu si wa maonyesho. Mumeo alisema mimi ni adui wa ndege. Adui atamfaa nini? Miaka minne, padre akisema tupeane amani, yeye ananipa mgongo. Mwaka huu nitasema labda hakuniona. Ile mitatu ya mwanzo aliniona vizuri sana.

Alhamisi hiyo naenda kung’olewa jino.

Kaka yako,
Liborio


Trujillo, 6 Aprili 1998, Jumatatu ya Wiki Kuu

Kaka yangu Liborio,

U hali gani, na jino je? Nauliza tu, huku nacheka peke yangu jikoni.

Ngoja nikusimulie ilivyokuwa upande wetu. Baada ya barua yako nilisali rozari na kumwachia Mungu. Tulifika uwandani asubuhi, ukungu unaanza kupanda. Nikasimamisha gari. Hakuna aliyeshuka. Don Fermín, mzee mmoja kati ya wageni, aliyetusumbua njia nzima, akasema, “Haya bwana kiongozi, wako wapi?” Anselmo akashusha kioo. Nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo.

Ndipo nikaisikia. Ko-ko, ko-ko, ile sauti mbovu ya sufuria. Anselmo akainua kidevu. Ikasogea, ikasogea, ikanyamaza.

“Hiyo kengele ya baba mkwe,” akaninong’oneza. “Na imesimama. Mchungaji hasimamishi kundi saa ya malisho bila sababu.” Kisha kwa sauti: “Mabwana, elekezeni darubini kwa yule mwenye kondoo. Mbele yake kidogo.”

Ee Mungu wangu! Tandawala walikuwa kumi na wawili. Dume mmoja akajigeuza manyoya ndani nje, kichwa hakionekani, akawa mweupe mtupu kama kitambaa cha altare kilichotundikwa uani. Mama mmoja akalia.

“Umewaonaje bila darubini?” Don Fermín akauliza.

Ningemjibu mimi, nimezoea kumfunika. Anselmo akanishika mkono. “Sijawaona, bwana. Mwaka mzima sioni mbali, nanyi nilikuwa nawaficha. Aliyewaona ni shemeji yangu. Mimi nimesikia tu alipowapata.”

Nikajua kazi imekwisha. Kumbe Don Fermín akavua miwani, akaifuta, akasema, “Basi sogea hapa nikusimulie. Lakini usinikatize, maana wewe unapenda kukatiza!” Wakapokezana, mmoja baada ya mwingine, kumweleza kila dume alivyogeuka, naye akiwafundisha maana ya kila mgeuko. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Wamesema mwakani watarudi, nao ndio watakuwa macho yake, waziwazi.

Tulipoondoka alivua kofia kuelekea kwako. Sijui kama ulimwona, ulikuwa umetupa mgongo, umeegemea fimbo. Wewe na yeye mmelingana sasa kwa migongo, nadhani.

Usiku alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema, “Nilimtukana mbele za watu, nitamwomba radhi mbele za watu.” Anataka kufanya hivyo pale pale baani, Jumapili ya Pasaka baada ya misa, halafu mje nyumbani tule mwanakondoo. Anaogopa hutakuja. Ameniomba nikuandikie, naye hajui kwamba tulikwisha kuandikiana.

Kaka, tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa Kuu.

Dada yako akupendaye,
Casilda