Mama, Picha Zako Sizichomi

Mama yangu wa Sharafiya, Jeddah,

Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, maana niliyoambiwa nayo niliambiwa mbele za watu. Shule yangu unajua ilipoishia, basi nikikosea nivumilie.

Wifi yangu alikuja hapa Malaz, Riyadh, kumtazama mtoto. Akaliona furushi la picha zako juu ya kabati, akalifungua, akazipitia moja moja mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Wifi, zichome hizi. Zikikaa duniani, mama yako anaulizwa kaburini." Hakusema kwa ubaya, mama. Alikuwa analia. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Nilizibandua mwenyewe kule Jeddah, saluni ulikokuwa ukichora ilipouzwa na tajiri mpya akataka kuta nyeupe. Nikazipakata kwenye basi mpaka Riyadh, goti hili mtoto, goti hili wewe.

Nalikumbuka lile pazia zito la saluni, mwisho wa wanaume. Ulitoka Unguja na kanga zako na rangi za maji, Kiarabu chako chote yalla na halas, ukaujaza ukuta ule wanawake. Huyu kaachia nywele mgongoni, yule mabega wazi, yule kakunja nne anacheka utadhani mama mkwe kasafiri. Wateja walitaka uwachore, ila waliogopa kujulikana. Basi ukawa unawachanganya: macho ya huyu, pua ya yule, kidevu cha jirani. Wakija tena wanajitafuta ukutani, wanagombania midomo.

Halafu Mwanaisha wa Mombasa. Alikuwa akija na madam wake, kazi yake kukaa pembeni na mtoto na mikoba. Siku ile madam yuko chini ya draya ya kukaushia nywele, ukamwambia Mwanaisha avue mtandio akae kiti kikubwa. Mimi nilikuwa nakukorogea rangi, nilikuona unaanza kumtafutia pua ya kuazima. Akakuzuia.

"Mama, mimi nichore sura yangu yote. Hapa nani ananijua?"

Brashi yako ilisimama. Ukamchora kama alivyo, hata kovu la kwenye nyusi hukuliacha. Madam alipotoka kwenye draya akaitazama ile picha, akauliza huyu binti wa kifalme ni wa nchi gani. Mwanaisha ameshajifunika, kampakata mtoto, kainama asionekane anavyocheka. Sura ya kweli ilikuwa hiyo moja tu ukuta mzima, na aliyekaa nayo nyumba moja hakuitambua. Wewe na mimi tulicheka njia nzima mpaka mtaa wa Baghdadiyah.

Picha yako ya mwisho ni yangu. Mimba ilikuwa kubwa, miguu imenivimba, nikakupigia simu nikilia kwamba nimekuwa gunia la mchele. Ukaja mpaka huku, ukanikalisha ukingoni mwa kitanda, kanga kifuani, bega moja nje. Nilipojificha uso ukasema, "Tulia, gunia." Ukaanza na tumbo. Sijapata kuonekana mzuri kama nilivyo kwenye karatasi ile.

Sasa wifi yangu nimjibu hapa hapa. Wifi, najua unampenda mama yangu. Ya kaburini ni ya Mola, mimi si mwalimu wa chuo cha Kurani. Namwombea kila sala, na maji ya sadaka natoa kwa jina lake. Lakini moto siwashi. Nikimchoma Mwanaisha, nani atasema alipita Jeddah? Na yule mama aliyewatazama wanawake mpaka wakajipenda, nitamwonyesha mwanangu kwa kitu gani?

Mume wangu alitoka, akarudi na nyundo ya jirani. Picha zimetundikwa chumbani kwetu, nyuma ya pazia, kama ulivyotaka mwenyewe siku zote. Mwanaisha yuko juu ya kioo. Mimi niko karibu na kitanda, na mjukuu wako kila akiamka analinyooshea kidole lile tumbo. Namwambia, humo ndani ni wewe.

Ukiulizwa huko kaburini, mama, usijibu peke yako. Waambie yuko mwanao, alikaa kwa hiari yake, akatulia, akachorwa. Nikifika nitasema mwenyewe.

Pumzisha mikono.

Ni mimi mwanao,
gunia lako